Jibu la Mwongeli Mdogo

Mwezi wa Agosti mwaka jana, kila mzazi mjini Thika alikuwa amemshika mtoto wake mkono. Hata watoto wakubwa waliokwisha kuota ndevu walivutwa kama mbuzi wa kupelekwa mnadani, nyuso zao zimekunjwa kwa aibu. Habari ilikuwa moja tu: watoto wanaibwa.

Ilianzia Witeithie. Msichana mmoja alitumwa maziwa dukani na hakurudi, na picha yake ikaingia kwenye simu za watu wote. Baadaye ilijulikana kwamba alikuwa amepitia kwa shangazi yake, akapewa chakula, akapitiwa na usingizi kwenye kochi. Lakini habari ya kupotea kwake ilikuwa na miguu, na ile ya kupatikana haikuwa nayo. Wako wanaomwombea mpaka leo.

Kisha ikaja ya Kiuu, kule Ruiru anakoishi kijana wangu Musau na mkewe Carolyne. Huko walisema kuna mwanamke anagawa peremende kwenye ploti za nyumba za kupanga, na mtoto akila anamfuata mwenyewe kama kuku. Hakuna aliyemwona mwanamke huyo, ila kila mtu alimjua mtu aliyemwona. Carolyne alinipigia simu akaniomba nisimtume binti yao peke yake hata kwa jirani, kwa maana shule zilikuwa zimefungwa na mtoto alikuwa kwangu Gatuanyaga.

Mtoto huyo anaitwa Mwongeli. Mimi pia ni Mwongeli. Sisi Wakamba, msichana wa kwanza hupewa jina la mama ya baba yake, na hapewi jina tupu, anapewa pamoja na mtu mwenyewe mwenye jina. Kwa hiyo Musau hamwiti binti yake kwa jina. Anamwita mwaitu, yaani mama yangu, vile vile anavyoniita mimi. Tukiwa pamoja akiita "mwaitu", tunaitika wawili. Naye mtoto tangu aanze kusema alifundishwa kwamba Musau ni mtoto wake. Ana miaka saba, lakini Musau akichelewa kurudi kutoka kazini, anamngoja mlangoni mikono kiunoni, akimwita mwanangu kwa Kikamba: "Mwana wakwa, ulikuwa wapi mpaka saa hizi?" Na yule baba mtu mzima anaomba msamaha, sisi tunacheka mpaka machozi.

Ni mchezo, lakini si mchezo tu. Nikimwangalia akimkaripia mwanangu kwa sauti yangu, najua kwamba siku nikiondoka sitakuwa nimeondoka kabisa.

Sasa, mtoto alikuwa ameanza kulia usiku kwa ajili ya jino. Lilikuwa gego la utoto, limetoboka. Nilimsukutulisha maji ya chumvi, nikamwekea karafuu, haikusaidia. Musau, ambaye kazi yake ni kuweka vigae kwenye nyumba mpya za Ruiru, akaomba ruhusa kwa msimamizi wake, akasema tukutane Thika ampeleke kwa daktari wa meno. Ilikuwa siku yangu ya soko pia. Mimi huuza mbaazi mbichi na mayai ya kienyeji barazani pa duka moja lililofungwa, karibu na Tabby anayeuza maparachichi. Tumekaa pamoja miaka mingi, yeye Mkikuyu na mimi Mkamba, na kila mmoja anajua magonjwa ya mwenzake.

Asubuhi hiyo ilikuwa na baridi ya Agosti, ile inayoshuka na mawingu na kukaa. Musau alikuja na nguo zake za kazi, suruali ina madoa meupe ya simenti, kwa sababu alitaka kurudi kazini mchana. Nilimfunika mtoto kwa leso yangu ya manjano. Ina tundu pembeni, cheche ya jiko iliitoboa, nikaishona kwa uzi wa buluu maana mweusi ulikuwa umeisha. Nilimwambia Musau asimwache mtoto apigwe na upepo mdomoni akishatoka. Wakaenda, mtoto akigeuka kuniangalia mpaka walipopotea kwenye watu.

Nikaendelea kuambua mbaazi.

Habari ilitufikia kabla jua halijatokeza mawinguni. Kwanza walipita vijana wawili wakikimbia. Kisha mama wa sukuma wiki aliye pembeni yetu akasimama juu ya kreti kuangalia. Mtu mmoja akasema wamemshika mwizi wa watoto huko chini, upande wa msikiti, akiwa na mtoto mkononi, na mtoto anatoka damu. Nilisema Mungu amsaidie huyo mtoto. Tabby akasema afadhali ameshikwa, wajukuu wetu watalala. Sikuwaza lolote. Niliwaza tu kwamba Musau atapita njia nyingine asikutane na fujo hiyo.

Tabby ana simu kubwa aliyonunuliwa na binti yake, na yuko kwenye kundi la wachuuzi. Simu ikalia, ikalia tena, ikalia tena. Akaifungua, akatazama, akaisogeza mbali na macho yake, akaileta karibu. Kisha akanipa.

Kwenye picha uso wa mwanamume haukuonekana vizuri. Mtu alikuwa amemshika shingo kwa nyuma. Lakini nilimwona mtoto aliyekuwa amembeba, na mtoto alikuwa amefunikwa leso ya manjano. Na pembeni ya leso palikuwa na uzi wa buluu.

Chini waliandika: Mwizi wa watoto ameshikwa Thika, sambaza, tusaidie mama apate mtoto wake.

Nilisimama na mbaazi zote zikamwagika kutoka mapajani. Tabby alikuwa ameshafunga kanga kiunoni. Hakuuliza kama ni wao. Aliwaambia majirani waangalie mali yetu, na mama wa sukuma wiki akainama palepale akaanza kuziokota mbaazi zangu moja moja, kana kwamba zilikuwa zake. Nilimwona kwa upande wa jicho. Katika siku ile yote, hilo sijalisahau.

Nilimpigia Musau. Simu iliita mpaka ikakatika. Nikapiga tena, ikawa imezimwa.

Kutoka barazani petu mpaka msikitini si mbali kwa mtu mwenye magoti mazuri. Mimi magoti yangu ni ya kupimapima. Na mji ulikuwa umejaa, kwa vile ilikuwa siku ya soko, na kila mtu alikuwa anaelekea kule ninakoelekea. Habari ilikuwa inatembea mbele yangu ikibadilika njiani. Kwa wanaouza viatu vya mitumba, walisema ni mwanamume mmoja na mtoto mmoja. Kwenye kona ya wauza ndizi, walikuwa watoto watatu, na mmoja yuko ndani ya gunia. Mbele ya bucha, mtu akasema mwanamke wa peremende wa Kiuu naye ameshikwa na kwamba ndiye mke wake huyo mwizi. Nilitaka kumwambia kila mmoja kwamba si kweli, lakini pumzi yangu niliitaka kwa kutembea.

Simu yangu ikalia. Nilidhani ni Musau. Alikuwa Carolyne, kutoka saluni anakofanya kazi Kiuu. Alikuwa anamsuka mteja, na mteja ndiye aliyemwonyesha picha, akimwambia tazama hawa mashetani.

"Mama," akasema, "nimeona leso yako."

"Ni yetu," nikamwambia.

"Wako hai?"

Nikamwambia wako salama, na niko nao karibu. Sikujua. Nilisema hivyo kwa sababu alikuwa Ruiru na mimi Thika, na katikati yetu kulikuwa na njia ndefu ambayo angeipita peke yake na mawazo hayo. Akasema anakuja. Nilimsikia akimwambia mteja wake samahani, na mteja akimwambia enda, mama, nitafumua nywele mwenyewe.

Hapo ndipo nilipomwona kijana akiviringisha tairi.

Lilikuwa tairi kuukuu la gari dogo, na alikuwa analisukuma kwa kiganja akielekea kulekule. Watu wa mji huu wanajua tairi hubebwa kwenda kufanya nini mwizi akishikwa. Nilisimama. Tabby alinishika kwapani. Nilinyoosha mkono nikamshika yule kijana shati.

"Mwanangu, hiyo tairi unaipeleka wapi?"

Alinitazama kama mtu anayetazama mgonjwa, akaniita shosho, yaani nyanya. "Kuziba pancha, shosho. Kwani unataka kuinunua?"

Nikamwachilia. Nilikuwa nalia na sikujua. Yeye naye akaona kuna jambo, akauliza tunaenda wapi. Tabby alipomwambia, aliliegemeza tairi lake ukutani mwa duka la dawa, akatutangulia akipasua watu kwa mabega, akisema pisha mgonjwa, pisha mgonjwa. Hivyo ndivyo tulivyofika. Jina lake sikulipata.

Karibu na msikiti kuna duka la mapazia na shuka la mama mmoja anayeitwa Farhiya. Mlango wa chuma ulikuwa umevutwa mpaka chini, na watu walisema mwizi na mtoto wamefungiwa humo. Mbele yake watu walijaa hadi barabarani, na wengine walikuwa na mawe, wameyashika tu kama vile mtu anavyoshika kiazi anapongoja kuambiwa bei. Katikati, kwenye kiti cha plastiki, mgongo wake umegusa mlango, alikaa Ibra, kijana anayemsaidia Farhiya kushona mapazia. Alikuwa amekunja mikono. Mtu alipomwambia afungue, alijibu kwamba leo hawauzi, anayetaka pazia arudi kesho, na aje na kipimo cha dirisha, maana watu wa Thika wanapenda kununua pazia fupi halafu wanalaumu duka. Wachache wakacheka. Nilikuja kufikiri baadaye kwamba kila aliyecheka, mkono wake ulishuka kidogo.

Aliyekuwa akipiga kelele zaidi alikuwa mwendesha bodaboda, amevaa koti zito, pikipiki yake imezuia njia. Walimwita Zacharia. Alikuwa anasema kwa sauti iliyokauka kwamba huyo mtu atoke aseme mtoto ni wa nani, kwamba yeye ana msichana wa umri huohuo nyumbani.

Nikajisogeza mbele yake. Nikamwambia mwanamume aliye humo ndani ni mwanangu.

"Shosho," akasema, "hata mwizi ana mama."

Watu wakaguna kwa kukubali. Nikamwambia mtoto ni wa mwanangu, ni mjukuu wangu, walikuwa wametoka kung'oa jino. Zacharia akatikisa kichwa. Hakuwa na jeuri, na hilo ndilo lililonitisha zaidi. Alikuwa na hakika.

"Mimi mwenyewe nimemwuliza mtoto," akasema. "Nimemwuliza kwa upole, huyu ni baba yako? Akasema hapana. Wote wamesikia. Halafu akasema ati huyu mwanaume ni mtoto wake. Mtoto wa miaka saba. Mate yanamtoka, mdomo umelegea, anaongea vitu haviko. Huyo amepewa dawa, shosho. Na jamaa alipomsikia hivyo, unajua alifanya nini? Alicheka."

Nikaelewa yote kwa mara moja. Niliona jinsi ilivyokuwa. Musau ametoka kwa daktari amembeba mtoto, amemfunika uso kwa leso kama nilivyomwagiza mimi. Leso ina damu. Mtoto analia kwa sababu sindano ya ganzi imemfanya asiusikie mdomo wake. Yeye anatembea haraka, nguo zake chafu za simenti, na akiulizwa anajibu neno moja na kupita, kwa kuwa mwanangu si mtu wa maneno mengi. Anasimamishwa. Mtoto anaulizwa, anatoa pamba mdomoni, anajibu kama tulivyomfundisha. Naye Musau anacheka, kwa vile hucheka kila siku akisema hivyo. Hakujua bado kwamba wale waliomzunguka hawachezi.

Nilifungua mdomo nimweleze Zacharia. Lakini utamwelezaje mtu mwenye jiwe habari ya majina? Nilianza, nikachanganya, nikasema yeye ni mimi na mimi ni yeye, na mtu wa nyuma akasema hata nyanya naye amekunywa dawa hiyohiyo. Wakacheka, na kicheko hicho hakikuwa kama cha Ibra. Mtu mmoja akapiga mlango wa chuma kwa teke. Ukalia kama ngurumo. Ndani, mtoto akapiga ukelele.

Nafikiri Musau alikuwa amesikia sauti yangu. Nafikiri alijua tu kwamba niko nje na watu wenye mawe. Kutoka nyuma ya ule mlango aliita, kwa sauti ambayo sikuwa nimeisikia tangu akiwa mvulana aliyeanguka kisimani:

"Mwaitu!"

Nikaitika. Na ndani ya duka, kwa mdomo uliovimba, mtoto naye akaitika. Tuliitika pamoja, neno moja, kama tunavyoitika nyumbani.

Pakawa kimya. Si kimya kirefu, lakini Tabby alikipata. Alipanda juu ya ngazi ya duka na kanga yake kiunoni, mwanamke mfupi kama chungu, akawauliza kama wote wamekuwa wazungu. Akauliza ni nani hapo Mkikuyu ambaye hana dada aliyeitwa maitu, yaani mama, na baba yake. Ni nani Mkamba ambaye hajui. Akamgeukia Zacharia.

"Wewe msichana wako umempa jina la nani?"

Zacharia akatazama pikipiki yake.

"Nakuuliza, Zacharia. La nani?"

"La mama," akasema.

"Na wewe ukifika nyumbani unamwitaje?"

Alimtazama Tabby, kisha akanitazama mimi. Nilimwona akielewa. Lilimjia usoni polepole kama maji yanavyoingia kwenye kitambaa. Akasema kwa sauti ndogo kwamba humwita maitu. Kisha akasema, lakini wangu hasemi mimi ni mtoto wake. Tabby akamwambia ngoja akue, atasema.

Kulikuwa na wale ambao hawakusadiki bado. Walitaka mtoto atolewe. Ibra aligonga mlango mara chache kwa namna waliyopatana, na Farhiya, aliyekuwa ndani, akauinua kidogo, kimo cha goti. Mtoto akatambaa nje, leso ikiburutwa nyuma. Shavu lilikuwa limevimba kama ameficha andazi. Mkononi alikuwa na barafu ya kunyonya, nyekundu, aliyopewa na Farhiya ili damu ikatike.

Zacharia alichuchumaa mbele yake. Hakumgusa. Akamwuliza, akinionyesha mimi, kama anamjua huyu.

Mtoto akanyonya barafu yake kwanza. Kisha akasema, "Ni mimi mkubwa."

Hapo watu walicheka, na mawe nikayasikia yakianguka, moja hapa, moja pale, watu wakiyaachia miguuni mwao bila kuangalia chini. Muda si mrefu mama mmoja aliuliza bei ya pazia.

Musau hakutoka. Nilipoingia nilimkuta ameketi sakafuni kati ya marobota ya kitambaa, shati limechanika mgongoni, mguu mmoja hauna kiatu. Farhiya alikuwa amemfunga kitambaa kipya kichwani, kitambaa cha kuuza. Alinieleza kwa maneno machache. Alikuwa amesikia kelele akatoka na ile fimbo yake ya kupimia vitambaa. Alitaka kumwokoa mtoto tu, kwa kuwa naye aliamini kwamba ameibwa. Akamvuta. Lakini mtoto alimng'ang'ania yule mwanamume shati kwa mikono yote miwili, hakuachia, na kila alipomvuta mtoto, baba naye alikuja. Ndivyo walivyoingia wote wawili. "Nikajua," akasema. "Mtoto aliyeibwa angeniparamia mimi."

Nilimshika mikono. Aliniuliza kama nimekunywa chai.

Polisi wawili walikuja, wakauliza maswali, wakaandika, wakaenda. Zacharia alirudi akiwa na kiatu cha Musau. Alikuwa amekitafuta barabarani, akakipangusa kwa kofia yake. Alikiweka chini mbele ya miguu ya Musau na kusimama pale. Musau alikivaa. Carolyne alipofika kutoka Ruiru, nywele za mteja zingali zimenasa kwenye aproni yake, aliingia akawakumbatia wote wawili kwa pamoja, na mtoto akalalamika kwamba anabanwa shavu.

Ningependa habari iishe hapo. Watu wengi waliokuwa pale wanadhani iliishia hapo.

Jioni ileile Zacharia alirekodi sauti yake, akasema kwamba yule mtu si mwizi, ni baba halisi, na kwamba yeye Zacharia ndiye aliyekosea, ajulishwe kila mtu. Aliituma kwenye kundi la wachuuzi na la bodaboda. Tabby aliniwekea nikaisikia. Alisema vizuri, kwa unyenyekevu. Lakini picha ilikuwa imeitangulia sauti hiyo kwa siku nzima. Ilishafika Makongeni, ikafika Juja, ikafika Kiuu. Ndugu yangu aliye Machakos aliipata baada ya wiki mbili, akanitumia, akaniambia nitunze watoto.

Kule Kiuu, majirani wa ploti wanajua ukweli. Wa ploti ya pili hawajui. Mafundi wenzake walianza kumwita Musau kwa utani mwizi wa watoto, wakimtaka aangalie tu vigae asije akabeba mtoto wa mwenye nyumba. Alicheka nao. Kisha mwenye nyumba mmoja alimtazama sana, akatoa simu yake akatazama, akamwambia kazi imesimama kidogo, atamwita. Hakumwita. Musau akanyoa masharubu yake, ambayo alikuwa nayo tangu amalize shule. Carolyne ndiye aliyeniambia hayo.

Jambo lililobaki kunitia wasiwasi ni jingine. Carolyne alisema Musau hatembei tena na mtoto akiwa peke yake. Wakienda dukani lazima Carolyne awe katikati. Na mtoto akimwita mwana wakwa barabarani, anamfinya mkono kidogo. Alimfundisha neno la kusema nje. Alimketisha kitandani akamfundisha kama anavyomfundisha namba za simu, amwite Baba, na mtu akimwuliza huyu ni nani aseme Baba, hakuna lingine. Mtoto aliuliza kama amefanya kosa. Musau akasema hapana, ila alisema hapana akiwa ametazama ukuta.

Niliposikia, nilitaka kumpigia Musau. Ningemwambia nini? Neno hilo, mwana wakwa, nililipokea kwa nyanya yangu, na liliishi salama miaka yote hiyo kwenye shamba na vumbi la Gatuanyaga. Halafu siku moja likaingia mjini wakati mbaya, nusura limuue mwanangu. Siwezi kumwambia alirudishe mdomoni mwa mtoto barabarani. Na siwezi kukubali life.

Krismasi walikuja kwangu wote watatu. Nilikuwa langoni. Niliwaona wakishuka kwenye bodaboda mbili, na Musau akatazama barabara huku na huku kabla hajampokea mtoto, ingawa palikuwa na mbuzi wa jirani tu na mzee Mutie kwenye baiskeli yake. Mtoto alikuwa ameota jino jipya la mbele. Alinisalimu, kisha akamwambia Musau kwa sauti ya kusoma shuleni, "Baba, nimefika."

Tukaingia ndani. Niliweka sufuria ya chai mezani. Mtoto alirudi mlangoni akaufunga, akapanda kwenye stuli akavuta komeo, akashuka akaenda dirishani, akavuta pazia. Ni pazia tulilopewa na Farhiya, fupi kidogo kwa dirisha langu. Alilivuta tena pembeni mpaka likakubali. Kisha akamgeukia baba yake, mikono kiunoni.

"Mwana wakwa," akanong'ona, "umekula?"

Musau alitazama mlango kwanza. Alitazama komeo. Niliacha kumimina chai, kikombe mkononi, nikangoja.

"Bado, mwaitu," akasema.

Hakucheka. Lakini aliitikia, na mimi nikaendelea kumimina chai.